Sare za walinzi za kushonesha Darajani: ushoni safi, mabega yana kesi

Ukitaka kuvisha walinzi wa hoteli, duka au skuli hapa Unguja una njia tatu: kushonesha kwa mafundi wa Darajani na vichochoro vya Mchangani na Mlandege, kununua magwanda yaliyo tayari, au kuokoteza mitumba. Tunachopima hapa ni hiyo ya kwanza. Zile mbili nyengine zitaguswa kwa sababu ndizo zinazowapeleka watu kituo cha polisi. Jibu la haraka ni kwamba kwa ushoni mafundi wa mjini wanastahiki nyota nne kati ya tano. Kwa alama za cheo wanazokubali kuweka mabegani bila kuuliza, nyota mbili, na hizo zibaki hapa hapa kwenye maandishi, zisije zikashonwa begani kwa mtu.

Oda ya kawaida ya mlinzi mmoja ni mashati mawili, suruali mbili, kepu, mkanda, kamba ya filimbi na koti la mvua. Shati la mikono mifupi linakula mita 1.6 hadi 1.8 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, na suruali mita 1.3. Walinzi kumi kwa seti mbili ni mashati 20 na suruali 20, yaani karibu mita 34 na mita 26. Ongeza mita 3 za hasara na viraka vya baadaye, ununue 63. Zinunue kwa mkupuo mmoja na mwenye duka akuthibitishie kuwa majora yote ni ya mzigo mmoja. Kitambaa cha jina lile lile kikitoka mizigo tofauti, ukiwapanga walinzi getini utahesabu bluu tatu.

Kitambaa kinachofaa ni mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35. Kwa suruali tafuta uzito wa gramu 200 hadi 240 kwa mita ya mraba. Kwa shati, 150 hadi 180. Pamba tupu ni ya raha kwa joto letu lakini inaruka maji, na suruali iliyokaa sawa Ijumaa inapanda juu ya kifundo cha mguu baada ya kufuliwa mara tatu. Poliesta tupu haifi, ila mlinzi wa zamu ya mchana Paje atakuchukia. Kabla ya kulipa, omba kipande cha sentimita 50 kwa 50. Kiroweke kwenye maji moto yenye sabuni, kisugue kwa kitambaa cheupe, kisha kianike kivulini na ukipime. Kikipungua hadi sentimita moja, ni asilimia 2, kata bila wasiwasi. Kikizidi moja na nusu, jora zima lifuliwe kabla ya kukatwa. Na kitambaa cheupe kikitoka na rangi, rudisha jora dukani.

Chumvi ya bahari ndiyo inayofichua fundi mvivu. Vifungo vya kubana vya chuma kwenye mifuko vinaanza kutu mapema kwa walinzi wa Nungwi na Kiwengwa, na kutu hiyo haitoki kwenye kitambaa. Zipu ya shaba inaota ukungu wa kijani na kukwama. Dai vifungo vya plastiki vyenye matundu manne na zipu ya nailoni. Wengi watakwambia vya chuma vina heshima zaidi. Vina heshima kweli, kwa msimu mmoja.

Kwenye mshono mafundi hawa ni hodari. Ukihesabu utakuta mishono 10 hadi 12 kwa inchi, ovaloki safi ndani, na msamba uliopigwa mara mbili. Wanachosahau ni viwili. Kwanza, pambizo la nyuma ya kiuno, yaani kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mshono: liwe inchi moja na nusu, maana mlinzi akinenepa au suruali ikipewa mrithi, pasipo pambizo hakuna la kufungulia. Pili, lupu za mkanda. Zikazwe juu na chini kwa mshono wa kurudiarudia, kwani mlinzi hubeba redio, tochi na rungu kiunoni, na lupu ya mshono mmoja inang'oka na kipande cha suruali.

Tarizi ya mashine ya kompyuta ni nzuri, kwa sharti utaje uzi. Uzi wa poliesta unavumilia jiki. Wa reyoni unang'aa zaidi dukani na kufifia ukikutana na dawa ya kufulia. Nyuma ya nembo lazima kuwe na kitambaa cha kushikilia, la sivyo kifua kinakunjamana kama karatasi iliyorowa. Jina la kampuni liwe na herufi za sentimita 2.5 kifuani, na mgongoni neno MLINZI la sentimita 7 kwenda juu, likiwa na mkanda unaong'aa wa sentimita 5 chini yake. Hilo neno la mgongoni wateja wengi hulikataa kwa kuona linaishusha sare. Naona ndilo lenye thamani kuliko pambo lolote, kwani ndilo linalomaliza ubishi wa huyu ni nani.

Sasa mabega. Oda nyingi zinaharibika hapa, na kosa linaanza kwa mteja. Mwenye kampuni anataka mlinzi wake aogopwe, basi anamwambia fundi: nyota mbili kwa msimamizi, V mbili kwa kiongozi wa zamu, bereti kichwani, riboni za rangi juu ya mfuko wa kushoto. Fundi anavuta kopo la vifungo, na humo mna vya shaba vyenye ngao, nanga au bunduki zilizopishana, vilivyobaki kwenye kazi za miaka iliyopita. Vinapendeza. Kila kimoja kinaweza kuwa ushahidi mahakamani.

Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16, kifungu cha 178 kinamgusa asiyekuwa mtumishi wa jeshi wala polisi akivaa sare ya vyombo hivyo. Hakiishii kwenye sare yenyewe. Kinachukua pia nguo yenye sura ya sare hiyo au yenye alama zake za kipekee. Maneno hayo ni ya urithi: Sheria ya Sare ya Uingereza ya 1894 inasema karibu vile vile, na ina msamaha kwa anayevaa jukwaani katika maigizo. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Nam. 6 ya 2018, kwa hiyo asije mtu na namba ya kifungu cha Bara akadhani ndiyo ya huku. Lakini ulinzi ni jambo la Muungano, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 inavuka maji bila kuulizwa pasi.

Huku kwetu kuna jambo jengine ambalo kampuni zinazotoka Dar es Salaam hulikosa. Pamoja na JWTZ, yaani jeshi la ulinzi la Muungano, na Polisi tuna vikosi vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar: KMKM (cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Chuo cha Mafunzo (magereza), Zimamoto na Uokozi, na Valantia. Vitatu vya mwanzo vimetajwa ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121. Kila kimoja kina sare, beji na vyeo vyake. Rangi iliyoonekana salama Kariakoo inaweza kugongana na kikosi kinachopita Michenzani kila asubuhi. Usitegemee kumbukumbu. Chukua kipande cha kitambaa na mchoro wa shati mbele na nyuma, nembo ikiwemo, upeleke Polisi kabla ya kukata, na uombe jibu la maandishi. Ukiambiwa kwa mdomo tu kwamba haina tatizo, huna kitu.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali. Kabla hajafungua futi ya kupimia atasema, "Sheikh wangu, hizi za kampuni gani, na barua iko wapi?" Atataka barua yenye kichwa cha kampuni, nakala ya leseni, mchoro wa nembo, na orodha ya majina na vipimo. Wapo wa namna hiyo, na kwa kawaida si wa bei ya chini. Fundi asiyeuliza chochote anakuonesha pia kwamba kesho atamshonea mtu mwengine shati kama lako kwa kazi ambayo hutaki kuisikia. Hilo la mwisho ni hasara ya kweli: sare ya kampuni ikishonwa kwa yeyote anayelipa, getini haithibitishi kitu. Andika kwenye oda kwamba nembo zote, zilizoharibika zikiwemo, zinakabidhiwa kwako kwa hesabu, na kwamba faili la tarizi halitumiki kwa mtu mwengine.

Badala ya nyota tumia maneno. MSIMAMIZI, KIONGOZI WA ZAMU, MLINZI, kwenye kitambaa kinachovishwa juu ya kibega na kufungwa kwa kifungo. Kinatoka siku ya kufuliwa, na mtu akipanda kazi unabadilisha kitambaa badala ya shati zima. Kichwani kepu yenye ukingo, ambayo kwa jua la hapa ina faida kuliko bereti. Riboni za medali achana nazo kabisa, hata zile za "utumishi bora" unazobuni mwenyewe, kwani kwa mbali mtu haoni kama ni zako. Vifungo viwe vitupu. Ngao ya taifa si pambo la shati. Hata kwenye jina la kampuni tahadhari inahitajika, maana ibara ya 147 ya Katiba ya Muungano imekataza mtu au shirika lolote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote nchini, kwa hiyo usiandike "jeshi" kwenye mlango wa gari lako la doria.

Magwanda yaliyo tayari yana ubora wake. Magoti yana kitambaa maradufu, mifuko ni mikubwa, na bei inaweza kukushawishi. Tatizo ni mabaka. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na tangazo lile liliwakumbusha wengi kwamba suruali ya mabaka si fasheni kama wanavyodhani. Kwa kampuni ya ulinzi hata mjadala haupo. Mlinzi mwenye mabaka, buti na rungu tayari anasema kitu kuhusu nafsi yake bila kufungua mdomo.

Mitumba ni hatari ya aina nyengine. Kwenye marobota hutokea jaketi nene zenye kitambaa kilichoandikwa U.S. ARMY kifuani na jina la mtu upande wa pili. Ukifumua vitambaa hivyo kwa wembe, panabaki matundu ya mshono na kivuli cheusi cha mahali ambapo jua halikufika, na maandishi unayasoma bado. Ukilitia rangi, mabaka yanaibuka tena chini ya rangi baada ya kufuliwa, kwani nyuzi za nailoni na za pamba hazinywi rangi sawa. Kusema ni la jeshi la nje hakukusaidii njiani. Anayekusimamisha haanzi kulinganisha mabaka ya nchi na nchi. Wenye hoteli wawaambie na wageni wao, wanaoshuka na begi au kofia ya mabaka bila nia mbaya.

Tuje kwenye kipengele kinachouzwa pamoja na sare: maneno. Baadhi ya watoa huduma hukuletea ofa mbili, walinzi wa kawaida na "wanajeshi wastaafu", na ya pili ina bei ya juu. Mavazi unaweza kuyaona kwa macho. Dai hili huwezi, na ndilo linaloongezewa fedha.

Wamarekani wamelipitia suala hili mahakamani hadi mwisho. Sheria yao ya kwanza ya kuwabana wanaojipachika medali, inayoitwa ya 2005, ilimtia hatiani mtu kwa uongo wenyewe. Mwaka 2007 Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji huko California, alisimama kwenye mkutano akajitangaza kuwa mwanajeshi mstaafu mwenye nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na tarehe 28 Juni 2012 majaji sita dhidi ya watatu waliitengua sheria kwa hoja ya uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata ikatungwa nyengine: sasa kosa ni kudai nishani fulani kwa uongo kwa nia ya kupata fedha, mali au faida nyengine inayoshikika, na kifungo chake kinafika mwaka mmoja. Uingereza nayo ilikuwa na kosa la kuvaa nishani usiyopewa kwenye Sheria ya Jeshi ya 1955. Lilipoondoka na sheria hiyo halikurudishwa, na mswada wa kulirudisha wa 2016 ulikufa Bunge lilipovunjwa.

Kwa mnunuzi wa ulinzi hapa Zanzibar, ile sheria ya 2013 inafaa kama kipimo ingawa haina nguvu huku. Mzee wa barazani anayejigamba kwamba alipigana Uganda 1979 hamli mtu kitu. Kampuni inayokutoza zaidi kila mwezi kwa sababu ya dai hilo hilo inauza bidhaa, na ikiwa bidhaa haipo huo ni udanganyifu wa kujipatia fedha, sheria ya jeshi iwepo isiwepo.

Mara nyingi uongo unajificha ndani ya nusu ya ukweli. Mtu amepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, yaani miezi mitatu baada ya kidato cha sita, utaratibu uliorudishwa 2013. Au alijitolea JKT. Au alikuwa JKU akitarajia ajira kwenye kikosi ikakosekana. Wote hawa wamefunzwa gwaride na nidhamu na wanaweza kuwa walinzi wazuri sana, lakini hakuna kati yao aliyekuwa askari wa JWTZ kwa sababu hiyo pekee. Neno "alipita jeshini" linawafunika wote, na karatasi ya ofa inalitumia kwa makusudi. Dai liandikwe kwa ukamilifu kwenye mkataba: kikosi gani, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, na aliondoka vipi, kwa kustaafu, kwa kumaliza mkataba au kwa kuachishwa.

Kisha omba hati halisi, si fotokopi wala picha ya WhatsApp. Linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha taifa cha NIDA. Huku kwetu majina matatu yanayofanana ni jambo la kila siku, kwa hiyo jina la babu na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vinavyotenganisha watu. Piga hesabu ya umri: aliyezaliwa 1990 hawezi kuwa na miaka 20 ya utumishi iliyoishia 2015. Mhuri uliokolea kuliko karatasi yenyewe ni wa kushuku. Mwisho mlinzi atie saini barua ya ridhaa, nawe uandikie kikosi alichokitaja ukiuliza jambo moja tu, kama hati hii ilitoka kwao. Kampuni ikikwambia taarifa hizo ni siri, mwambie mhusika akuletee yeye mwenyewe. Aliye mkweli haoni tabu. Jibu lisipokuja, lipa bei ya mlinzi wa kawaida.

Kwa wateja wa Pemba, mafundi wa Chake Chake na Wete wanashona vizuri kama wa mjini, na oda ndogo ina nafuu ya kuwa fundi anakupimia mtu mmoja mmoja. Cha kupanga ni tarizi. Agiza nembo kutoka Unguja kama viraka vilivyokamilika, vyenye ukingo uliofungwa, vishonewe Pemba. Ukisafirisha mashati kwenda na kurudi kwa ajili ya nembo unalipa nauli ya boti mara mbili, na likikosewa moja zamu inaanza watu wakiwa na mashati matupu. Viraka vikupitie mkononi kwanza, uvihesabu, ndipo umpe fundi.

Ukichukua bei usikubali namba moja ya jumla. Dai mistari minne: kitambaa, ushoni, tarizi, vifungo na zipu. Kitambaa ndicho kinachoongezwa kimya kimya, na ukishajua mita 63 huna haja ya kubishana. Malipo ya awali yasizidi gharama ya kitambaa, na seti moja ya mfano ishonwe, ivaliwe zamu nzima na kufuliwa, ndipo nyengine zikatwe.

Mlinzi akiacha kazi, malipo yake ya mwisho yaende sambamba na kurudisha mashati yote mawili, kepu na vitambaa vya mabegani. Nembo ikiwa ni kiraka, inafumuliwa kwa dakika chache, inaandikwa kwenye daftari na kuchomwa mbele ya shahidi. Shati lisilo nembo wala neno la mgongoni mpe fundi wa gereji afutie mikono.